Mtaro wa Tisa

Mwanangu wa kwanza,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mama watoto na wote waliomo nyumbani. Kama u mzima, namshukuru Mungu. Kama presha imepanda tangu Jumanne uliponikatia simu, kunywa maji, kaa chini, kisha usome polepole. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua kama desturi yake, lakini macho bado yanapitisha uzi kwenye sindano bila miwani, na mdomo wangu, kama unavyojua, haujaugua hata siku moja.

Nimeona nikuandikie kwa sababu barua haikatwi katikati ya sentensi. Nimeibandika kwa gundi yangu mwenyewe na kumpa mwanao, huyu tumwitaye Profesa, akuletee. Hajui kilichomo. Akiifungua njiani nitajua, maana hajazaliwa mtu wa kufungua gundi yangu akairudishia kama ilivyokuwa. Isome peke yako kwanza. Mkeo baadaye, ukipenda.

Sasa tuanze na maneno yako ya Jumanne, kwa sababu nimeyalalia siku tano na yananichoma mbavuni. Ulisema kwamba nimemharibia mtoto maisha. Ulisema kazi yangu ni uzi na gundi, na kwamba yaliyoandikwa ndani hayanihusu, kwa kuwa mtu aliyeishia darasa la nne hawezi kuhukumu kazi ya chuo kikuu. Halafu ukakata. Uzi na gundi, baba! Huo uzi na hiyo gundi ndivyo vilivyokuvisha viatu ukaenda kusoma hicho unachonitolea nacho macho. Nimekaa kwenye chumba hiki cha mbele, mkabala na lango la chuo, miaka thelathini na mmoja. Ripoti zote za wanafunzi wa mwaka wa mwisho zimepita juu ya meza hii. Walimu wenu wakibadilishana ofisi, mimi nipo. Wakuu wa idara wakistaafu, wananijia kuniaga. Na ikitokea mwanafunzi kapotea hajui amalizeje, anaulizwa na wenzake kama ameshapita kwa Bibi Jalada.

Unadhani sijui shahada inapatikanaje? Karatasi ya masharti nimeibandika ukutani juu ya mashine ya kukatia, na kila chuo kinapoibadilisha nami naibadilisha. Yuniti mia moja na ishirini, pungufu hata moja hutoki. Kozi zote za lazima za idara, pamoja na ile ya takwimu ambayo Profesa aliirudia mara mbili mpaka akawa anazungumza namba usingizini. Wastani wa alama usishuke chini ya ule waliouweka. Miaka miwili ya mwisho uisome hapohapo, usije na vyeti vya kuokota kwingine. Wiki nane za mafunzo kwa vitendo, na mkubwa wa kazi atie saini. Vitabu vya maktaba virudi, ufunguo wa bweni urudi. Na mwisho kabisa ripoti ya mradi, nakala tatu, jalada la bluu iliyoiva, herufi za dhahabu mgongoni, pambizo ya kushoto inchi moja na nusu ili sindano yangu ipate pa kupita. Hayo yote naweza kukuimbia huku napika chai.

Na kuna ukurasa wa tatu. Katika kila ripoti, iwe ya kilimo, iwe ya sheria, iwe ya hao wanaosoma nyota, ukurasa wa tatu ni uleule. Unasema: mimi niliyetia saini hapa chini natamka kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe na haijawahi kuwasilishwa mahali pengine popote. Mwanangu, mimi sielewi mambo ya saruji wala ya mizizi ya mimea. Lakini ukurasa huo nimeushika mara elfu nyingi kuliko mwalimu yeyote wa chuo kile. Huo naujua.

Basi sikiliza ilivyokuwa Jumatatu, maana nina hakika ulichoambiwa kilikuwa nusu.

Profesa alikuja asubuhi na nakala zake tatu, amevaa shati lililopigwa pasi, meno yote nje. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa Ijumaa. Alinikumbatia, akaniambia Bibi hii ndiyo kazi yako kubwa kuliko zote, kitabu cha mjukuu wako. Nami nikafurahi, kwa nini nisifurahi? Jalada nilikuwa nimeshalikata wiki nzima kabla, kitambaa kizuri nilichokiweka akiba, na herufi za jina lake nilikuwa nimezipanga. Nikafanya kama ninavyofanya kwa kila mtu: nikahesabu kurasa. Sihesabu kwa kuwa namshuku mtu. Nahesabu kwa sababu ukurasa ukipotea, lawama ni ya mjalidi.

Nikafika kwenye ule mchoro mrefu wa mwisho, wa kukunjua. Kwanza nikaona kwamba mkunjo wake haujawahi kufunguliwa. Karatasi iliyofunguliwa hata mara moja huwa na alama, kama goti la suruali. Hii ilikuwa imenyooka kama imetoka kiwandani, ilhali saini ya mwalimu msimamizi iko mbele, kubwa, na mkia mrefu. Kwa hiyo mwalimu alisaini asichokiona. Hilo nalo tuliweke pembeni, kila mtu ana kaburi lake.

Nikaufungua. Mitaro ya maji ya mvua kuzunguka soko. Na pembeni ya soko, kwa maandishi mazuri ya kompyuta, kimechorwa kiwanda cha mikate.

Wewe unajua, mimi najua, hata paka wa sokoni anajua, kwamba kile kiwanda cha mikate kilibomolewa miaka kumi na miwili iliyopita na pale sasa ni kituo cha mafuta. Nikamuuliza mjukuu wangu kama alikwenda kupima. Akasema anapita pale kila siku. Nikamwambia sikuuliza kupita, nimeuliza kupima. Nikamuuliza mikate siku hizi inauzwa saa ngapi. Akababaika, akasema huenda kiwanda kiko nyuma ya kituo. Nikamwambia basi mikate hiyo inafaa kuendeshea pikipiki.

Hakucheka. Wala mimi. Kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mitaro, kidole juu ya karatasi. Mtaro wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Kisha wa kumi. Nikarudi nyuma. Saba, nane, kumi. Mpaka kumi na nne. Wa tisa haupo.

Nikamuuliza wa tisa uko wapi. Akasema, Bibi, ndivyo ilivyo kwenye ya Baba. Na hapo ndipo akaropoka yote: kwamba wewe mwenyewe ulifungua lile kabati la vioo sebuleni, ukatoa kitabu chako, ukampa. Ukamwambia abadilishe mwaka, aongeze picha mbili tatu, akichape upya kwa kompyuta, kwani ni mali ya nyumbani na mali ya baba hurithiwa na mwana. Akasema kila mtu anafanya hivyo. Akasema ana yuniti zote, kozi zote, wiki nane zote, imebaki hii tu, na hii si kitu.

Nikazichukua zile nakala tatu nikaziweka chini ya kisu cha mashine. Nikashusha mkono. Zikawa sita.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na siombi radhi. Ningekuwa na magoti mazuri ningezikata kwa kuzirukia. Mtoto alikaa juu ya boksi la karatasi mbovu, uso mikononi, shati lake la pasi likakunjamana lote. Sikumbembeleza. Nilimpa chai, akainywa, akaondoka bila kuaga. Kesho yake ukanipigia.

Najua ulichofanya baada ya kunikatia. Ulimtaka achape nakala nyingine, maana kompyuta haikatwi kwa kisu, azipeleke kwa yule kijana mwenye mashine ya moto kwenye mtaa wa nyuma, yule anayefunga kitabu kwa dakika kumi na kikaachia kurasa kwa miezi kumi. Na tangu Ijumaa umeshawaambia watu kazini kwamba mambo ni shwari, turubai la sherehe ya mahafali limeshaagizwa, kadi zimeshatoka. Mkeo alinipigia kunisomea orodha ya wageni. Nilinyamaza, kwa sababu habari hii ni yako kwanza.

Shwari haipo, mwanangu. Profesa hakuwasilisha.

Usisimame. Kaa. Hakuwasilisha, na hakuna aliyemzuia. Alichapa nakala kama ulivyomwambia, Jumatano akazipeleka kwa huyo kijana wa mtaa wa nyuma. Mashine ikawa inapashwa moto. Yeye anasema alipokuwa akisubiri alifungua ule mchoro, na ule utani wangu wa mikate ukamrudia, akaona haya mbele ya mashine. Akaomba karatasi zake. Akaenda mpaka kituo cha mafuta, akawauliza wauza mafuta kama pale kuna mtaro. Wakamcheka. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kofia ya kazi, akampeleka nyuma, kwenye kona wanakooshea magari, akamwonyesha mfuniko wa chuma. Wakauinua wawili. Akasema, Bibi, nimesikia maji.

Alipokuja kuniambia hivyo Alhamisi, viatu vyake vilikuwa vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Sikumkemea aliponichafulia sakafu. Alikuwa ameshapita idarani, ameshamweleza mwalimu wake kwamba kazi ile si yake, na ameshajaza fomu ya kuurudia mradi. Mwalimu alikasirika, kisha akaogopa, maana saini yake ipo. Wamempa muhula mmoja zaidi. Jina lake halitasomwa mahafali haya. Litasomwa yanayokuja, au yanayofuata hayo, akishapima mitaro yote kumi na minne na kuichora upya kwa mkono wake.

Najua utataka kumpigia mkuu wa idara. Mlisoma naye, mnaitana majina ya utani. Nakuambia usithubutu. Na nikisikia umemfokea huyo mtoto nitakuja hapo kwako na haya magoti yangu, niketi kwenye sebule yako yenye zulia, na nitawaambia wageni wako wa kadi kwa nini turubai limerudi.

Sasa nafika mahali pagumu. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha huu miaka ishirini na sita.

Utanikumbuka nikikuuliza swali moja ulipokuwa kijana, hapahapa mezani. Ulikuwa umeleta ripoti yako nikufungie. Nilihesabu. Saba, nane, kumi. Nikakuuliza wa tisa uko wapi. Ukaniambia, Mama, funga tu, ndivyo ilivyo. Nami nikafunga. Kwa uzi mara mbili, kwa dhahabu nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Umekaa miaka yote hii ukidhani nilikuamini.

Sikukuamini hata punje. Mwaka mmoja kabla yako alikuja msichana hapa, mwembamba, viatu vimeganda tope, mkononi mchoro mrefu aliouchora kwa wino. Ndiye niliyemfundisha kuukunja mara tatu uingie kitabuni. Nilihesabu mitaro yake nikamwita, nikidhani kasahau. Akaniambia hakusahau. Wa tisa ulipita ndani ya uwanja wa kiwanda cha mikate, na mwenye kiwanda alimfungulia mbwa. Alikwenda mara nne, mara nne mbwa. Akaandika pale pembeni, kwa herufi ndogo: huu sikuruhusiwa kuupima. Nikamwambia angeweza kukisia tu, nani angejua? Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Akasema asichokipima hakiandiki.

Aliniachia nakala moja iliyoharibika chapa. Nikaiweka kwenye boksi la karatasi mbovu ninazotilia ndani ya majalada yawe magumu. Wewe ulilala chumba kimoja na boksi hilo. Ulipoleta yako, nilikwenda kuangalia. Nakala haikuwemo. Niliikuta chini ya godoro lako siku nafua mashuka. Ulichukua mitaro yake yote kumi na mitatu, na pengo lake ukalichukua, ila yale maneno madogo ya pembeni uliyaacha.

Wahenga wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mamayo nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama na sindano mkononi. Nilijua, nikakaa kimya, kwa sababu baba yako alikuwa amekufa mwaka ule, na nilitaka mno kukuona umevaa joho. Nilijiambia ni mara moja tu. Nilijiambia ukishapata kazi utakuwa mtu mwema, na kweli si mtu mbaya, sijasema hivyo. Lakini nilikufunga uongo kwa mikono yangu, nikauandikia jina lako kwa dhahabu, ukauweka kwenye kabati la vioo. Na kitu kilichowekwa kwenye kabati la vioo watoto wanakiangalia.

Kuna jingine. Yule msichana alirudi. Mwaka uliofuata, mvua kubwa ilimwingilia chumbani ikaloanisha nakala yake. Akaja kuniuliza kama ile mbovu bado ninayo, ingalau abaki na kumbukumbu. Ilikuwa ndani, chini ya godoro, hatua sita kutoka aliposimama. Nikamwambia nimeichoma. Akanishukuru, mwanangu. Akanishukuru kwa kuwa niliwahi kumfungia vizuri. Huo ndio wembe niliomeza, na hadi leo haujashuka.

Kwa hiyo Jumatatu niliposhusha kile kisu, usidhani nilimkatia Profesa peke yake. Nilikata na yako. Nilikata na kimya changu. Mimi wa darasa la nne nimechelewa miaka ishirini na sita kufanya kazi yangu, lakini nimeifanya, na mtoto wako ameielewa upesi kuliko wewe.

Profesa hajui habari ya msichana huyo. Aliniuliza kwa nini Baba naye hana wa tisa. Nikamwambia amuulize baba yake. Sitamwambia mimi, hilo halinipasi. Ile nakala mbovu ya msichana ninayo, sikuwahi kuitoa. Nimeifunga wiki hii, jalada la bluu iliyoiva, na jina lake mwenyewe mgongoni. Nimeanza kuwauliza walimu wastaafu alikokwenda, na mmoja anasema anamkumbuka. Akipatikana, mimi nitampelekea na kumwambia nilimdanganya. Lako utasema wewe.

Sasa nisikilize vizuri. Mtaro haupimwi na mtu mmoja. Profesa ananunua tepu ndefu ya kupimia, ila tepu ina ncha mbili, na mimi magoti yangu hayachuchumai. Rafiki zake wote wako kwenye mazoezi ya maandamano ya mahafali. Ameomba ruhusa pale kituo cha mafuta, wamemkubalia Jumamosi saa moja asubuhi, kabla magari ya kuoshwa hayajaanza kuja. Ataanza na wa tisa.

Yeye atashika ncha moja. Nenda ukashike nyingine. Usivae viatu vya ofisini. Na mkiwa mmechuchumaa wawili pale, kila mmoja upande wake, maji yakisikika chini, mwambie.

Msalimie mkeo, mwambie turubai lirudishwe bila manung'uniko. Wabusu wale wadogo, na waambie Bibi anawataka waje likizo wajifunze kuhesabu kurasa. Kabati la vioo nawe ulifanye utakavyo, mimi nimeshasema yangu.

Mimi niliyetia saini hapa chini natamka kwamba barua hii ni kazi yangu mwenyewe, makosa yake ya kuandika ni yangu mwenyewe, na haijawahi kuwasilishwa mahali pengine popote.

Mama yako,
Bibi Jalada